Azalea yaweza kuchanua Igogwe, lakini iwe mbali na zizi na parachichi

Na Mwandishi Wetu

ANAYESAFIRI kwa basi kutoka Uyole kwenda Tukuyu mwishoni mwa Agosti au mwezi Septemba hukuta nchi ikiamka. Manyunyu na ukungu wa Juni na Julai vimepungua, jua limeanza kuuma mchana, na wakulima wanasafisha mashamba wakisubiri mvua. Wenzetu wa nchi za baridi wana jina maalumu la majira ya namna hii, ambayo kwao huangukia Machi hadi Mei. Sisi tunayajua zaidi kwa kazi zake.

Ndiyo majira ambayo azalea huchanua. Hiki ni kichaka cha mapambo chenye majani madogo ya kijani, kinachokua polepole hadi kimo cha mita moja au mbili. Kwa wiki chache kila mwaka hujifunika maua mekundu, meupe, ya waridi au ya zambarau, kiasi kwamba majani hayaonekani. Wiki zilizobaki hukaa kimya kama kichaka kingine chochote, na hapo ndipo hatari yake inapojificha, kama tutakavyoona.

Mkulima wa Igogwe, au wa sehemu nyingine yoyote ya wilaya ya Rungwe yenye baridi na mvua za kutosha, akisikia habari za ua hili huuliza mambo mawili. Je, litaota kwangu? Je, litanipa fedha? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na kwa urahisi kuliko katika sehemu nyingi za Tanzania. La pili ni ndiyo kwa mwenye subira. Lipo pia swali la tatu ambalo wengi hawaliulizi hadi wachelewe: litamfanya nini ng'ombe wangu wa maziwa, na litaufanya nini mparachichi wangu?

Udongo wa chai

Azalea si mmea wa kwetu. Iko katika kundi la mimea liitwalo Rhododendron, na katika bara zima la Afrika hakuna hata aina moja ya kundi hilo inayoota porini yenyewe. Azalea nyingi za bustanini asili yake ni China na Japani. Huko Ubelgiji, mji wa Ghent umejenga biashara kubwa ya kuziotesha kwenye vyungu, hata jina la azalea ya Ghent likapewa ulinzi wa kisheria na Umoja wa Ulaya mwaka 2010. Karibu nasi zaidi, mji wa Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini umeichukua azalea kuwa ua la mji.

Kinachoifanya isumbue sehemu nyingi ni udongo. Azalea hutaka udongo wenye tindikali, kipimo cha pH kikiwa kati ya 4.5 na 6. Ikizidi hapo, mizizi hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamejaa ardhini. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kichaka hudumaa, na mwenye bustani huanza kununua mbolea ambazo hazisaidii kitu. Katika nchi nyingi watu hununua udongo maalumu dukani, wakaujaza kwenye shimo au chungu ili tu azalea iweze kuishi.

Mkulima wa Rungwe hana haja ya kununua udongo huo. Chai nayo hutaka tindikali kama hiyo, na wilaya hii ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa kulimwa chai nchini. Wajerumani waliijaribu Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904, miaka miwili baada ya kuijaribu Amani katika milima ya Usambara. (Kyimbila hiyo hiyo inajulikana sana kwa wataalamu wa mimea duniani, kwa sababu mmisionari Adolf Stolz alikusanya huko mimea mingi sana kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadhi ya mimea hadi leo inaitwa kwa jina lake.) Panapostawi chai bila kubembelezwa, azalea nayo haihitaji kubembelezwa.

Kwa asiye na shamba la chai jirani, ipo njia rahisi ya kupata fununu kabla ya kupeleka udongo maabara. Tazama hidrenjia, lile ua lenye vichwa vikubwa vya mviringo linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za sehemu za baridi. Hidrenjia zisizo nyeupe hubadilika rangi kufuata udongo. Kwenye tindikali huwa za buluu, na tindikali ikipungua hugeuka kuwa za waridi. Ukiona kwa jirani zako hidrenjia ni za buluu, una sababu nzuri ya kujaribu azalea. Mwenye mpango wa kibiashara, hata hivyo, asitegemee rangi ya ua. Apime udongo, na amwombe bwana shamba amsaidie kusoma majibu.

Hapa inafaa nitaje tabia moja ambayo imeua maua mengi. Taasisi zetu, ziwe shule, zahanati, makanisa au ofisi, hupenda kupanga mawe pembezoni mwa bustani na kuyapaka chokaa. Yanapendeza, hasa mgeni rasmi akitarajiwa. Lakini kila mvua inayonyesha huosha chokaa kidogo kuingia udongoni, na chokaa ndiyo dawa ya kuondoa tindikali. Azalea iliyozungushiwa mawe meupe inapewa sumu taratibu, mwaka hadi mwaka, kila mawe yanapopakwa upya. Vivyo hivyo na ile inayopandwa kwenye ukuta uliopigwa lipu ya saruji, au pale mama mwenye nyumba anapomwaga majivu ya jikoni kila asubuhi. Majivu ni mazuri kwa mboga. Kwa azalea, yapelekwe kwingine.

Namna ya kupanda

Mizizi ya azalea ni mingi, myembamba kama nywele, na inakaa juujuu. Karibu mambo yote ya utunzaji wake yanatokana na hilo.

Chimba shimo pana lisilo na kina kirefu, upana wake uwe mara mbili au tatu ya upana wa kiriba. Changanya udongo wa juu na mboji iliyooza vizuri ya majani. Mche usizame chini kuliko ulivyokuwa kitaluni; ni afadhali ubaki juu kidogo kuliko kufukiwa shina. Kisha weka matandazo ya majani makavu au sindano za paini, unene wa sentimeta tano hadi nane, ukiacha nafasi kidogo kulizunguka shina lisiguswe. Baada ya hapo jembe lisiingie tena chini ya kichaka. Magugu yang'olewe kwa mkono, kwa sababu jembe likipita mara moja tu linakata mizizi ambayo kichaka kilitumia mwaka mzima kuitengeneza.

Jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana ndiyo mahali pake. Kwenye kivuli kizito chini ya migomba itaishi, lakini maua yatakuwa machache. Palipo wazi kabisa, wakati wa kiangazi majani hushambuliwa na wadudu wadogo wenye mabawa kama wavu wanaofyonza upande wa chini, na upande wa juu huonekana kama umenyunyiziwa unga. Sabuni ya maji iliyochanganywa kidogo na maji, ikipulizwa chini ya majani mara kadhaa, huwapunguza. Wakati wa mvua baadhi ya majani machanga huvimba na kuwa manene, meupe, kama yameota uvimbe. Huo ni ukungu. Yachumwe kwa mkono kabla weupe haujakomaa, yachomwe moto, na hakuna haja ya dawa.

Mbolea itumike kwa uchache. Wakulima wa chai wanaijua NPK 25:5:5 na wanaijua SA, ambayo pamoja na kuleta naitrojeni huongeza tindikali. Ama moja kati ya hizo inafaa, lakini si kwa kipimo cha chai. Kijiko kimoja cha chai kwa kichaka kidogo, kikitawanywa juu ya matandazo udongo ukiwa na unyevu, mara moja baada ya maua na mara nyingine katikati ya mvua, kinatosha. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi.

Maji, na balaa la parachichi

Rungwe haina shida ya maji. Baadhi ya maeneo ya wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwa azalea shida inaweza kuwa kinyume chake. Mizizi yake ikisimama kwenye maji siku kadhaa huanza kuoza, na kuoza huko mara nyingi huletwa na kimelea kiitwacho kitaalamu Phytophthora cinnamomi.

Jina hilo ni gumu, lakini kila mkulima wa parachichi anapaswa kulifahamu. Ndicho kimelea kile kile kinachoozesha mizizi ya miparachichi duniani kote. Mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho huogelea kwenye maji yaliyomo udongoni, zikaishika mizizi myembamba ya kunyonya chakula na kuiua. Mparachichi ulioshambuliwa hutoa majani madogo yaliyopauka, matawi ya juu hubaki uchi, na huweza kuzaa matunda mengi madogo kabla ya kufa. Dawa zipo za kuupa mti nguvu ya kuvumilia, ila kimelea kikishaingia shambani hakuna namna ya uhakika ya kukitoa.

Azalea na ndugu zake ni miongoni mwa mimea ya mapambo inayojulikana sana kwa kukibeba, na husafiri katika udongo wa kwenye kiriba. Mche unaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kununuliwa. Kwa wilaya ambayo maelfu ya wakulima wake wamepanda parachichi aina ya Hass kwa ajili ya soko la nje, kichaka kimoja cha urembo kilichonunuliwa pasipojulikana kinaweza kuwa ghali kuliko mapato yake yote ya miaka kumi.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo uamuzi wa kupanda au kutopanda unapopaswa kufanyika. Kama shamba lako la parachichi liko chini ya mteremko, na bustani unayotaka kuweka azalea iko juu yake, usipande. Maji ya mvua yatateremsha chochote kilichomo. Ukiwa na nafasi upande wa chini, au upande mwingine wa nyumba ambako maji hayaelekei kwenye miparachichi, panda huko, tena juu ya tuta lililoinuliwa sentimeta 20 au 30 ili mizizi isilale majini. Jembe na koleo vilivyotumika kwenye azalea visafishwe udongo wote kabla ya kuingia shamba la parachichi. Vivyo hivyo na viatu vya mvua. Mche mpya uwekwe peke yake miezi miwili au mitatu, mbali na mingine, ukichunguzwa kabla haujachanganywa.

Miche isivushwe mpakani kinyemela. Kasumulu haiko mbali, na mtu anaweza kushawishika kubeba miche miwili mitatu kwenye buti la gari. Miche inayotoka nje ya nchi hutakiwa kuwa na kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na kazi ya kusimamia hilo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Wengi huona sharti hilo kama usumbufu wa ofisini. Kwa mkulima wa parachichi ni ulinzi wake mwenyewe.

Ng'ombe asionje

Katika kaya nyingi za Rungwe ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani na kuletewa majani. Matete, guatemala, majani ya migomba, vyote hukatwa na kubebwa hadi kihondi. Mtoto anayetumwa kutafuta majani huleta kile anachokiona kibichi, na mzee anayesafisha bustani huona hasara kutupa majani yaliyokatwa wakati zizi liko hapo hapo.

Majani ya azalea yana sumu. Maua yana sumu, na hata asali yake ina sumu. Kemikali inayohusika huitwa grayanotoksini, na huathiri mishipa ya fahamu na moyo. Vitabu vya mifugo hutaja kwamba majani yenye uzito wa asilimia 0.2 tu ya uzito wa mnyama yanaweza kumdhuru. Kwa mbuzi wa kilo 30 hizo ni gramu 60, yaani konzi moja. Kwa ng'ombe wa kilo 400 ni gramu 800, fungu ambalo mtu hulibeba kwa mkono mmoja bila kulihisi.

Ng'ombe aliyeshiba mara nyingi hulikwepa jani hili, kwa kuwa ni chungu. Matatizo hutokea kwa mnyama mwenye njaa, kwa mbuzi aliyekata kamba, na zaidi ya yote pale matawi yaliyopogolewa yanapotupwa zizini au kuchanganywa na malisho. Ndani ya saa chache mnyama hutoa mate mengi, husaga meno, hucheua vibaya au kutapika, tumbo hujaa, miguu hulegea na huyumba. Aitwe daktari wa mifugo mara moja na aelezwe mnyama amekula nini. Hilo la kueleza ni muhimu, kwa kuwa dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine. Kumnywesha mafuta au maji ya chumvi kwa nguvu mnyama anayetapika kunaweza kuyapeleka mapafuni. Maziwa yake yasitumike hadi mtaalamu aruhusu.

Kwa hiyo azalea isipandwe kuwa uzio wa zizi, wala kandokando ya njia ambako mbuzi hupitishwa. Watoto waelezwe kwamba majani na maua hayo hayaliwi, na wala yasifanywe chakula cha kuchezea. Siku ya kupogoa, matawi yote yakusanywe siku hiyo hiyo na kufukiwa kwenye shimo lenye kizuizi. Yakikauka bado yana sumu.

Kuhusu asali, habari yake ni ya zamani. Mgiriki Xenophon aliandika jinsi askari wake, mwaka 401 kabla ya Kristo, walivyokula asali ya pwani ya Bahari Nyeusi wakaanguka kama walevi, wasiweze kusimama. Asali hiyo inaaminika ilitokana na maua ya ndugu wa azalea. Vichaka vitatu vya mbele ya nyumba haviwezi kuharibu mzinga, kwa kuwa nyuki hupata maua mengine mengi. Mwenye kufikiria kitalu cha mamia ya vichaka vinavyochanua pamoja wakati maua mengine ni machache, na ana mizinga, hapo atafakari upya.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa balaa zote hizo, kwa nini kuipanda basi? Jibu ni kwamba tayari tunaishi na mimea ya namna hii bila kuijua. Lantana, ile yenye maua ya rangi mchanganyiko iliyojaa kwenye vichaka vya nchi yetu, huwadhuru ng'ombe. Oleanda inayopandwa mijini ni kali kuliko azalea. Tofauti ni kujua na kutojua.

Wakati wa kupogoa

Kosa linalowanyima watu maua si la mbolea wala la maji, ni la tarehe. Azalea ikimaliza kuchanua hutoa machipukizi mapya, na kwenye ncha za machipukizi hayo, ndani ya miezi ya mvua, hutengeneza vitumba vya maua ya mwaka ujao. Vitumba hivyo hukaa vimefunga hadi vipitiwe na baridi. Wakulima wa Ulaya hulazimika kuvipa baridi kwa wiki kadhaa, wengine kwenye vyumba maalumu, ndipo vifunguke kwa wakati wanaoutaka. Kwetu Juni na Julai hufanya kazi hiyo bure.

Anayepogoa Aprili au Mei ili bustani ipendeze anakata maua yote ya Septemba. Kichaka kitakuwa na umbo zuri na hakitakuwa na ua hata moja. Pogoa mara tu maua yanaponyauka, na umalize ifikapo mwishoni mwa Novemba. Baada ya hapo weka mkasi mbali, isipokuwa kwa tawi lililokufa.

Kuzalisha na kuuza

Kwa upande wa uzalishaji, Rungwe ina mtaji ambao wilaya nyingi hazina. Wakulima wake wengi wanajua kuotesha vipandikizi vya chai, na azalea huzalishwa kwa njia inayofanana. Wiki chache baada ya maua, machipukizi mapya yakiwa yameanza kukakamaa lakini bado yanapindika, kata vipande vya sentimeta saba hadi kumi asubuhi na mapema. Ondoa majani ya chini, acha manne au matano ya juu. Choma kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mtoni uliooshwa na mboji ya majani, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, weka kivuli juu, na usiruhusu pakauke wala pafurike. Mizizi huonekana kwa kawaida baada ya wiki sita hadi kumi.

Miche iliyoshika mizizi huhamishiwa kwenye viriba. (Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, vifungashio vya kilimo viliachwa.) Vipandikizi vikichukuliwa kwenye kichaka kizima kilichokwishachunguzwa, na udongo ukawa wa kwako, umejikinga pia na hatari ya kuleta ugonjwa wa mizizi kutoka kwingine. Hii ndiyo sababu nzuri zaidi ya kununua vichaka mama vichache, kisha kuzalisha mwenyewe.

Sasa hesabu. Kipandikizi cha Novemba mwaka huu kitatoa labda maua machache Septemba ya mwaka wa pili, na kitakuwa mche wa kuvutia mnunuzi katika mwaka wa tatu. Tuseme mtu anachoma vipandikizi 200, 120 vinashika, na 100 vinafikia kuuzwa. Kwa karibu miaka miwili yuko kwenye kununua viriba, kumwagilia kiangazi na kupalilia, bila shilingi kuingia. Hiyo si biashara ya kumtegemea mtu alipie ada ya shule ya Januari. Ni ya kuweka pembeni ya chai, viazi, ndizi na maziwa, si ya kuchukua nafasi yao.

Wanunuzi watafutwe palipo na baridi: Jiji la Mbeya, Njombe, Mafinga, wenye hoteli na nyumba za wageni, makanisa, hospitali, na wanaojenga nyumba mpya ambao kwa kawaida hukumbuka bustani mwishoni, fedha zikiwa zimebaki kidogo. Jaribio la kupeleka Dar es Salaam litaleta fedha mara moja na lawama baadaye. Joto la pwani halitavipa vitumba baridi vinayohitaji, na mteja aliyenunua kichaka chenye maua hatayaona tena. Mwambie ukweli kabla hajalipa.

Kitu kingine cha kumwambia mteja, kabla hata ya bei, ni habari ya sumu. Iandikwe kwenye kikaratasi kidogo na kufungwa kwenye mche: majani haya yasilishwe mifugo. Muuzaji anaweza kuhofia kwamba atamkimbiza mnunuzi. Atakayekimbia ni yule mwenye mbuzi wanaozurura, na huyo kwa kweli hafai kuuziwa.

Kwa anayetaka kuanza, vichaka vitano vinatosha. Vinunuliwe Septemba vikiwa na maua, ili rangi ionekane kwa macho na si kwa maneno ya muuzaji. Kabla ya kulipa, omba kiriba kifunguliwe pembeni utazame mizizi. Mizizi mizima ni mieupe au ya rangi ya mchanga, na ikivutwa kidogo inashika. Iliyooza ni ya kahawia iliyokoza, laini, na ganda lake hubaki vidoleni. Muuzaji akikataa kukuonyesha, mwachie miche yake.